Mizani ya Masanduku

Mizani yetu ya bafuni haikuwahi kukaa bafuni hata siku moja. Tuliinunua mwaka ule tulipofika Louisville, ya mshale, rangi ya maziwa, na tangu iingie nyumbani kazi yake ilikuwa kupima masanduku. Mtu wetu yeyote wa huku South End akipata safari, awe anakwenda kuzika Uvira au kuozesha binti Bujumbura, lazima apite kwanza kwetu kuiazima. Unasimamisha sanduku juu yake, mmoja analishikilia lisianguke, mwingine anapiga magoti kusoma mshale, na wengine wanabishana kama vitoke vitenge au vitoke viatu. Imeingia nyumba nyingi kuliko mchungaji wetu.

Halafu ikaja kupima mtu. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia, maana kila nikiyakumbuka nacheka peke yangu kazini mpaka msimamizi ananiangalia.

Mtu mwenyewe ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki kambini Tanzania, kule Kigoma, mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyebaki naye mgongoni ni mama yangu mzazi. Alimlea kwa uji na maombi mpaka akatimiza miaka mitano. Hapo zikaanza safari za kutugawa. Kaka yangu na binti yake wakapelekwa Uingereza. Mimi na mume wangu tukaletwa Kentucky. Mama na mdogo wangu wa kiume wakaangukia Buffalo, kule kwenye baridi ya kukata masikio. Watu tuliokuwa tunakula sahani moja tukabaki kuonana kwenye simu.

Kule Uingereza kaka alikuwa anafanya kazi ya usiku, na alijua binti akitoka shule anapitia masomo ya ziada. Kumbe masomo yenyewe yalikuwa ya ngumi, kwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi. Kaka alipokuja kugundua, chini ya kitanda kulikuwa na vikombe vimefungwa kwenye taulo. Akanipigia simu. "Dada, mtoto wa kike anapigana ngumi. Nitamwambia nini mama?" Nikamwambia usimwambie kitu. Basi tukaficha, hodari sisi, na mama akaja kumwona mjukuu wake akirusha ngumi kwenye simu ya jirani. Alinuna na sisi wote msimu mzima wa theluji.

Huku Louisville tulikuwa tumeshakuwa wataalamu. Pale ghalani Okolona ninapofunga mizigo, wakati wa mapumziko meza ya Wakongo na Warundi haikuwa na habari nyingine. Waingereza wana mtindo wao: mwaka ukianza, wachambuzi wanakaa mbele ya kamera na kutaja vijana wa ngumi watakaofika mbali. Tuliwajua wote. Kulikuwa na yule mrefu wa Wales, wa mkono wa kushoto, anayempiga mtu halafu anaonekana kama anamwonea huruma. Kulikuwa na mapacha wa London ambao mume wangu alisema mmoja anajua ngumi na mwingine anakula jina la ndugu yake. Kulikuwa na kijana wa Birmingham mwenye shingo kama kinu, ambaye Mrundi mmoja wa upande wa kupakia alimpenda mpaka akawa anamtaja kwenye maombi. Na mwaka ule, mwisho kabisa wa mazungumzo yao, mchambuzi mwenye upara akamtaja binti yetu. Akasema ana miguu myepesi kuliko wasichana wote wa uzito wake, na kwamba akitunzwa atakuwa bingwa. Jina lake lilimshinda hata kulitamka, lakini tulielewa. Meza nzima ilipiga kelele, na mimi nilikaa juu ya boksi la viatu vya watu nikalia.

Ndipo habari ikaja kwamba promota wake anamleta Amerika. Pambano ni Columbus, raundi sita, mapema jioni, wakati watu wanaingia na soda zao wakitafuta viti. Kwa wengine lilikuwa pambano la kupasha ukumbi moto. Kwa binti lilikuwa mlango. Promota alishamweleza wazi: akipanda ulingoni na kufanya vizuri, atamletea mapambano mengine huku. Akishindwa kufikisha uzito uliokubaliwa, pambano linafutwa, anarudi nyumbani, na huku hataletwa tena. Wasichana kadhaa wa Uingereza walikuwa wanaisubiri nafasi hiyohiyo. Kocha wake alikuwa na bondia mwingine wa kushughulikia kwanza, akamruhusu atangulie kwetu, wakutane Columbus siku ya kupima.

Tulimpokea uwanja wa ndege na kwaya nzima. Namshukuru Mungu kwa kwaya yetu, lakini wale wamama hawajui kupokea mtu kimya kimya. Askari wa uwanja alikuja kuuliza kama kuna shida. Binti alitoka mlangoni amevaa koti la timu yake, mwembamba, kichwa kimesukwa mistari, akacheka, na kile kicheko kilikuwa cha marehemu mama yake kabisa. Nilimkumbatia mpaka akaniita kama tunavyowaita shangazi kwetu, "Tantine, unaniumiza." Bondia mzima!

Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno. Kilisimama pale alipoachana na mama yangu, akiwa na miaka mitano, na hakikukua tena. Akiomba maji anaomba kama mtoto, kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama upande. Watoto wangu walimjibu kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa Kiingereza chake cha kaskazini mwa Uingereza, nao wakaanguka kwa kicheko kwenye kochi.

Begi lake halikufika. Lilibaki kwenye uwanja mmoja wa njiani, na ndani yake kulikuwa na kamba ya kuruka, nguo za kutoa jasho na mizani yake ndogo anayosafiri nayo. Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, akauliza kama tuna mizani. Nikamtolea yetu, chini ya kitanda. Tukaingia chumbani, tukafunga mlango, akapanda.

Mshale ulipita pale ulipotakiwa kufika, ukapita tena, ukatulia mbali. "Tantine, hii ni nzuri? Haidanganyi?"

"Hiyo?" nikamwambia kwa kujisifu. "Hiyo imepima masanduku ya nusu ya Kongo. Hakuna hata mmoja aliyefunguliwa mzigo uwanja wa ndege, ndagala, wale dagaa wakavu, wakaonekana na dunia nzima."

Akaketi sakafuni. Akampigia kocha, akamtumia picha ya mshale. Kocha akasema ameona, asihangaike kuzunguka akipanda mizani nyingine, maana kila moja ina yake. Achague moja, akae nayo mpaka mwisho. Akachagua yetu.

Sasa sikia. Mume wangu hakuambiwa lolote. Si kwamba hapendwi. Kwetu uzito wa msichana si habari ya kuzungumza mbele ya mume wa shangazi. Asubuhi yule binti akipima, mlango unafungwa. Tukizungumza paundi, tunazungumza jikoni kwa minong'ono, na yeye akiingia tunabadilisha maneno, tunauliza habari za gari. Alidhani tuna mambo yetu ya kike, akajiendea zake. Heshima tuliyopewa na wazazi wetu tuliitumia yote wiki ile.

Na chakula? Mungu wangu. Mgeni ametoka mbali, mtoto aliyekosa mama, mnafikiri wamama wa South End watakaa? Siku ya kwanza sombe, majani yetu ya muhogo, ilikuja mara mbili. Ikaja mbuzi. Ikaja samaki wa kukaanga kutoka kwa mama Mrundi wa nyumba ya tatu, maharage na ndizi, mikate ya mafuta, sufuria zimefunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kitambaa. Kukataa chakula cha mtu mlangoni ni kumwambia hatoki nyumba safi, na binti alilijua hilo bila kufundishwa. Alipokea kila sufuria kwa mikono miwili. Alifunua, akainamia mvuke, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Asante mama. Nitakula Columbus." Kisha chakula tukakiweka kwenye friza. Alikula mayai, majani, na kipande cha kuku kisicho na chumvi ambacho mimi nisingempa hata paka.

Friza ikajaa mpaka mlango ukakataa kufunga. Mama mchungaji alipoliona hilo alishika kiuno. "Bon, huyu mutoto anapigana au anahama?"

Mama yangu alikuwa anapiga simu kutoka Buffalo kila asubuhi. Aliuliza swali moja tu: amekula nini? Nilijaribu kuzungukazunguka, lakini mama hazungukiki. Nilipomweleza kwamba uzito umezidi, kwamba tunasaidiana kuupunguza na wamama wa kwaya wanaomba, alinikatiza.

"Weye," akasema, "umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kambini, mtoto huyu alipokuwa hana maziwa ya mama, alipimwa kila wiki pale zahanati. Walikuwa na mizani ya kuning'inia kwenye boriti, na mtoto anavalishwa kisuruali cha turubai na kutundikwa, miguu inabembea. Wamama wanapanga foleni, kila mmoja macho kwenye mshale wa mwenzake. Mtoto akiongezeka, wote wanapiga makofi, hata wale ambao hawafahamiani. Wa kwetu alitundikwa wiki baada ya wiki na mshale haukutikisika. Muuguzi alikuwa anampima mkono kwa ule utepe wenye rangi, na rangi ilikuwa nyekundu, ya hatari. Mama alirudi nyumbani na unga wa lishe kwenye kikombe, akakoroga uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko mchana kutwa, kama mtu anayejaza mtungi kwa kisoda. Mimi nilikuwepo. Nilimsikia akiomba: Bwana, sikuombi nyumba, sikuombi kurudi kwetu, ninaomba mshale.

"Mutoto huyu nilimulilia aongezeke," mama akasema kwenye simu, "na leo munamuombea apunguke? Nitakuja Columbus. Nikikuta mifupa, siingii mule ndani kuangalia mifupa ikipigwa. Namuchukua, narudi naye Buffalo. Wazungu watafute mwingine."

Na mama akisema anachukua, anachukua. Kwa hiyo nilikuwa kati ya mawili. Huku mshale lazima ushuke, la sivyo mtoto anapoteza mlango wake. Kule ukishuka sana, mama ananinyang'anya mtoto mwenyewe. Nilikonda mimi kuliko bondia.

Siku mbili kabla ya kwenda, mshale ulikuwa bado umezidi. Binti alikuwa ameshakimbia barabara zote za mtaa wetu amevaa mifuko ya takataka chini ya koti, mpaka majirani Wakuba wakawa wanampungia mkono. Midomo ilimkauka. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akaniambia kwa kile Kiswahili chake kidogo, "Tantine, mimi naogopa." Wala hakuwa anaogopa ngumi, maskini. Alikuwa anaogopa kile kisahani cha rangi ya maziwa chenye mshale.

Nikampigia mama mchungaji, naye akasema lete mtoto kwaya.

Kanisa letu linakodi chumba cha chini kwenye jengo la Waamerika, na hita ya kule haijui kati na kati. Mama mchungaji aliifungulia yote. Akaagiza kila mwimbaji aje na koti la baridi, lile kubwa, na asilivue. "Kama ni jasho, tutatoka jasho wote," akasema. "Hatumuache mutoto ajikaushe peke yake." Wamama wakafunga zipu mpaka kidevuni. Binti akawekwa safu ya pili, na mifuko yake ya takataka ikilia chwa-chwa-chwa, ngoma ikaanza, na nawaambia tulicheza. Tulizicheza nyimbo za Pasaka, za Krismasi, za harusi na za kukaribisha mwaka. Yule mchambuzi mwenye upara alisema kweli kuhusu miguu ile. Alichukua hatua zetu mara moja, akaziweka mahali pake, akawa anatufundisha sisi. Waimbaji wa sauti ya kwanza walilegea ukutani. Mama mmoja mnene alipiga kelele, "Bwana asifiwe, suruali inashuka!" na tukacheka mpaka tukashindwa kuimba. Hakuna aliyevua koti. Hilo nitawashukuru mpaka nakufa.

Siku ya kuondoka, mlango umefungwa, akapanda. Mshale ukasimama pale hasa. Tulirukaruka kimya kimya tumeshikana mikono, mume wangu asisikie.

Tulikwenda Columbus na gari mbili, sisi na mume wangu mbele na wamama wa kwaya nyuma. Binti alikataa kuachana na mizani, akaibeba mapajani njia nzima, imefungwa kwenye kitenge mume wangu asiione. Kwenye buti kulikuwa na masanduku ya barafu yaliyojaa vile vyakula vyote vya friza, maana ahadi ni ahadi.

Kupima kulifanyika kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, bendera ukutani na wapiga picha. Kocha alikuwepo, mzee mfupi wa masikio yaliyovunjika, mpole. Mpinzani, msichana wa Ohio mwenye mabega, alipanda kwanza na kugusa kikomo kamili. Akapanda wa kwetu. Ofisa akaangalia namba, akaangalia tena, akasoma kwa sauti.

Alikuwa chini ya kikomo. Tena chini kwa paundi tano.

Wamama walishangilia kama bao limeingia. Lakini mimi nilikuwa namtazama kocha, na uso wake haukuwa wa furaha. Alimshusha binti akiwa amemshika kiwiko, akamwita daktari wa pambano, wakampima presha, wakamwangalia macho na ulimi. Daktari akasema anaruhusiwa, lakini anywe, ale, alale. Kocha akatugeukia. Binti alitutafsiria huku macho yamejaa machozi: anauliza imekuwaje, mbona nimejikausha bure, kesho nitapigana na mtu mkubwa kuliko mimi.

"Lakini mizani ilisema..." nikaanza.

"Mizani gani?" akauliza mume wangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kwamba tulikuwa tunapima nyumbani.

"Mizani yetu! Si ile ya nyumbani!"

Akanishangaa. "Ile ya masanduku? Ile inaongeza."

"Inaongeza nini?"

"Uzito. Nilizungusha kile kigurudumu cha chini zamani, paundi tano hivi. Ili mtu akijaza sanduku asizidishe, uwanja wa ndege wasimwaibishe." Akatutazama sisi wote, mmoja mmoja, mikono ameifungua. "Kwani hamkujua? Mbona hamkuniuliza?"

Sitaandika niliyomwambia. Nilimwambia kwa Kibembe, yabaki huko. Yule mama mnene wa kwaya akasema polepole, "Donc mimi nimecheza na koti kwa ajili ya sanduku," na kicheko kikatokea nyuma, kikasambaa, mpaka binti mwenyewe akaanza kucheka na kulia pamoja. Hata kocha, ambaye hakuelewa kitu, akatikisa kichwa na kutabasamu.

Tulipotoka kwenye ukumbi, mama alikuwa mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa ameendesha tangu asubuhi kutoka Buffalo. Mama amevaa koti la baridi juu ya kitenge, kwapani ana chupa ya chai ya zile kubwa. Hakunisalimia. Alimwendea mjukuu wake, na mimi nilidhani atamkumbatia, maana hawakuwa wameonana tangu siku mtoto alipopandishwa basi la kuondoka kambini akiwa amemshika kidole. Hakumkumbatia. Alimshika mkono wa juu, karibu na bega, akauzungushia vidole vyake kama ule utepe wa zahanati. Akakadiria. Vidole havikukutana, kwa sababu mkono ule ni wa kazi, lakini mama aliona mashavu.

"Kaa chini," akasema.

Binti akakaa palepale kwenye zulia la ukumbi. Mama akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko. Uji wa ulezi, soya na karanga, umesafiri kutoka Buffalo na bado unatoa moshi. Kocha alikuja na chupa zake za maji ya rangi, akauliza ndani ya kile kifuniko kuna nini. Binti akamtajia. Kocha akafikiri, akaonja kidogo, akainua dole gumba. Mama hakumwangalia hata kidogo. Alishika kifuniko mwenyewe, akakipeleka kwenye mdomo wa bingwa mtarajiwa wa Uingereza, na bingwa akanywa.

Alikula jioni ile na kesho yake asubuhi. Kidogo kidogo, kama kocha alivyoelekeza, lakini bila kusimama. Tuliyeyusha vyakula kwenye mashine ya kupashia moto ya hoteli, harufu ya samaki ikapanda ghorofa zote, na dada wa mapokezi akapiga simu kuuliza, tukamshushia sahani, hakupiga tena. Binti alikumbuka kila sufuria ilikuwa ya nani. Alikula mbuzi wa huyu mbele ya huyu na sombe ya yule mbele ya yule, na kila mama aliyeangalia alikaa vizuri kwenye kiti.

Lakini mama yangu alikuwa hajaamua. Saa za kujiandaa zilipofika, binti akamwomba twende. Mama akakaa kitandani, mikono mapajani.

"Nimeona anakula. Kula ninajua. Kambini alikula na mshale ukakataa," akasema. "Jana walisoma namba. Leo nataka niione mwenyewe. Leteni mizani."

Nikaitoa. Nyingine haikuwepo; begi lilikuwa limefika, lakini mizani ndogo ya ndani yake ilikuwa imevunjika. Nikaiweka chini mbele ya mama, yetu, ya masanduku. Binti akavua viatu, akapanda. Mama akapiga magoti, akavaa miwani, uso karibu na kioo kabisa.

Mshale ukapanda. Ukapita namba ya jana, ukaiacha, ukaendelea, ukapita na ile ya siku aliyofika Louisville, ukatikisika na kusimama huko juu. Chakula chote kile kilikuwemo, na uji, na maji ya kocha, na paundi tano za mume wangu.

Mama akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mshale, kama anayetaka usirudi. Halafu akiwa bado amepiga magoti akaanza kupiga makofi. Polepole kwanza. Mimi nikajua makofi yale, nikaanza, na yule mama Mrundi wa nyumba ya tatu, aliyelelewa kambi ya jirani, naye akajua, akaanza, na chumba kizima kikapiga, na vigelegele juu. Binti alisimama juu ya mizani akitutazama. "Bibi, kwa nini wanapiga?"

"Umeongezeka," mama akamwambia. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kitenge. "Umeongezeka, mwanangu."

Pembeni yangu nilimwona mume wangu akifungua mdomo. Ni mtu mkweli, ndiyo shida yake. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote, na mdomo ukafunga.

Mama aliingia ukumbini mwenyewe, wa kwanza, akachagua kiti. Binti alishinda kwa pointi. Raundi ya tatu yule wa Ohio alimpiga ngumi ya jicho iliyonitoa roho, na raundi mbili za mwisho nilimwona binti akiwa na nguvu na mwenzake akihema, na kila alipozunguka niliziona zile hatua za safu ya pili. Mama aliangalia yote bila kufumba macho. Binti ameshaletwa Amerika mara mbili nyingine tangu hapo, na wale wachambuzi wa Uingereza siku hizi wanalitamka jina lake sawasawa.

Mizani mama aliondoka nayo. Hakuomba, aliifunga kwenye shuka na kuiweka kwenye gari la Buffalo. Watu wa South End wakija kuiazima ninawaambia wajaribu bahati yao uwanja wa ndege. Iko kule kwenye sebule ya mama, karibu na hita, na kila Jumapili baada ya kanisa anapandisha juu yake wajukuu wote, na watoto wa majirani, na anapiga makofi. Mume wangu amepiga magoti mbele ya mizani ile mara moja tu tangu hapo, tulipokwenda Krismasi. Mama alikuwa jikoni. Mume wangu alikigusa kile kigurudumu kuona kama bado kiko pale alipokiacha, kwenye paundi tano, akakikaza kisilegee.